Divai ya bei chini kwa bufe ya Kichina: tuchague namna gani?



Kila mwaka, msimu wa diploma ukikaribia, kamati ya sherehe inakaa chini na kuhesabu michango. Sisi wana wa Nyangwe tunaosoma ao kutafuta kazi Lubumbashi na Kolwezi, siku hizi tunapenda kuchagua bufe ya Kichina. Sababu inaeleweka. Tangu mkataba wa migodi wa mwaka 2008 uliozaa kampuni ya Sicomines, Wachina wamekuwa wengi Katanga, na restora zao zimewafuata. Bufe inalipwa kwa kichwa, kwa hiyo kamati inajua hesabu yake mapema. Halafu wali ni mwingi, na mtu wa Maniema bila wali anaona bado hajakula.

Shida inaanza kwenye kinywaji. Mara nyingi kamati inakimbilia divai nyekundu, nzito, ya bei nguvu, yenye karatasi ya dhahabu shingoni, juu ya kuwa inaonekana ni ya "sherehe". Wasiokunywa pombe wanapewa sukre ya moto kwenye kona. Saa mbili baadaye divai imebaki nusu katika glasi, watu wanaomba maji, na pesa imekwenda. Nusu ya meza inarudi nyumbani ikijiuliza kama ile sherehe ilikuwa yao.

Hii siyo jambo dogo. Wengi wetu tuko na diploma lakini kazi bado. Dola 10 za mchango, kwa mtu anayeishi kwa kufundisha watoto wa jirani jioni, ni chakula cha siku nyingi. Pesa namna hiyo haifai kuishia katika chupa ambayo hakuna anayeifurahia. Wakati wa masomo nilihudumia meza jioni kwa miaka miwili katika restora moja ya Wachina hapa Lubumbashi. Kazi ilikuwa kubeba sahani na kufungua chupa, lakini jicho lilikuwa linaona: chupa gani inaisha, chupa gani inarudi jikoni na divai ndani. Niliyoyaona pale, pamoja na niliyosoma baadaye, ndiyo ninawaletea hapa.

Sosi ndiyo inaamua

Watu wengi wamesikia kanuni ya zamani kutoka Ufaransa: nyama nyekundu na divai nyekundu, samaki na divai nyeupe. Kwa bufe ya Kichina kanuni hii inatupoteza. Katika sahani moja mtu anaweka kuku wa sosi tamu na chachu, nyama ya ng'ombe ya vitunguu, samaki, tambi na wali wa kukaanga. Nyama ni tofauti, lakini sosi zinafanana: soya yenye chumvi, sukari, siki, tangawizi, vitunguu saumu, pilipili, na mafuta ya kukaangia. Divai inakutana na hizo sosi kabla ya kukutana na nyama.

Mambo manne yanatokea mdomoni, na ukiyajua, kuchagua kunakuwa rahisi.

La kwanza ni sukari. Ukila kitu kitamu kisha ukanywa divai kavu kabisa, ile divai inaonekana chachu na nyembamba, kama maji ya ndimu bila sukari. Kwa hiyo chakula kikiwa na utamu, divai nayo iwe na utamu kidogo.

La pili ni pilipili. Pombe inaongeza moto wa pilipili. Divai ya asilimia 14 ao 15 juu ya chakula chenye pilipili ni kumwaga mafuta kwenye jiko. Pombe ndogo na utamu kidogo vinatuliza.

La tatu ni soya. Divai nyekundu nzito iko na kitu kinachoitwa tanini, kinachotoka katika maganda na mbegu za zabibu. Ni ule ukavu unaokamata ulimi, kama ukitafuna ndizi mbichi ao ukinywa chai iliyochemka sana. Tanini ikikutana na ladha nzito ya sosi ya soya, ya uyoga ao ya samaki, inageuka uchungu. Ndiyo maana zile chupa za karatasi ya dhahabu zilikuwa zinarudi jikoni zikiwa nusu. Divai yenyewe haikuwa mbaya. Iliwekwa kwenye meza isiyo yake.

La nne ni mafuta. Chakula cha kukaanga kinaacha mafuta mdomoni. Uchachu wa divai unayasafisha, sawa vile sisi tunakamulia ndimu juu ya samaki wa kukaanga. Mapovu nayo yanasaidia kazi hiyo hiyo.

Ukiweka yote pamoja, divai inayofaa iko hivi: nyeupe ao roze, yenye uchachu wa kutosha, utamu kidogo, pombe ndogo, na ya baridi. Ikiwa na mapovu, bora zaidi. Na bahati yetu, divai za namna hii nyingi ziko kati ya zile za bei chini. Divai nzito zilizolala miaka katika mapipa ya mbao ndizo za bei nguvu, na ndizo zisizotufaa hapa.

Malafu yanatufundisha

Kama maelezo hayo yanaonekana ya kigeni, fikirini malafu ya kwetu. Malafu yaliyogemwa asubuhi ni matamu, yana uchachu kidogo, yana mapovu madogo, na pombe yake bado ndogo. Mtu anayanywa na samaki wa pilipili bila shida. Jioni utamu umepungua na nguvu imepanda, juu ya hamira ya asili inaendelea kula sukari na kuigeuza pombe. Kesho yake yanaanza kuelekea siki. Kazi ile ile ndiyo inatokea katika divai ya zabibu, tofauti ni kwamba mtengenezaji anaisimamisha pale anapotaka, kisha anafunga chupa.

Basi ukiwa mbele ya duka, jiulize: kati ya chupa hizi, ipi inakaribia malafu ya asubuhi? Mtu aliyekulia Nyangwe hahitaji kuona haya mbele ya muuza divai. Ulimi wake unajua tayari.

Wala chakula cha wageni hakituogopeshi. Mchele wenyewe, ambao leo tunauita chakula cha kwetu, uliingia Maniema na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa karne ya 19, wakati soko la Nyangwe kando ya Lualaba lilikuwa linakusanya watu kutoka pande zote. David Livingstone alilikuta mwaka 1871 likiwa limejaa. Kitu kipya kikifika kwetu, tunakionja, kinachofaa kinabaki.

Soma chupa kabla ya kusoma bei

Kwanza tafuta asilimia ya pombe. Lazima iandikwe. Kwa kazi yetu, kati ya 9 na 12,5 ni sawa. Ukiona 14, rudisha.

Pili, tafuta neno la utamu. Kwenye chupa za Kifaransa, divai isiyo na mapovu huandikwa hivi, kutoka kavu hadi tamu: sec, demi-sec, moelleux, doux. Sisi tunatafuta demi-sec. Ukikosa, sec yenye harufu ya matunda inaweza kusaidia. Moelleux ni tamu sana kwa meza nzima, ingawa na kuku wa sosi tamu inakwenda.

Angalieni mtego mmoja: kwenye divai ya mapovu maneno yale yale yana maana nyingine. Brut ndiyo kavu, chini ya gramu 12 za sukari kwa lita. Sec ya mapovu iko na gramu 17 hadi 32, na demi-sec ina 32 hadi 50. Kwa hiyo chupa ya mapovu iliyoandikwa "sec" tayari ina utamu, na inafaa sana kwa bufe. Chupa za Afrika Kusini zinaandikwa Kiingereza: "Off-Dry" ni utamu kidogo, "Semi-Sweet" umezidi pale, "Natural Sweet" ni tamu kabisa.

Tatu, angalia mwaka. Kuna watu wanafikiri divai yote inakuwa nzuri ikizeeka. Hapana. Divai nyeupe ya bei chini imetengenezwa inywewe mapema, ndani ya miaka miwili ao mitatu. Chupa nyeupe ya miaka saba inayouzwa kwa punguzo siyo bahati, ni mzigo ambao muuzaji anataka kuutoa.

Nne, angalia afya ya chupa. Joto linaua divai, na huku kwetu chupa inasafiri sana. Ikitoka Afrika Kusini inapita Zambia na Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Ikiendelea Maniema, inapanda treni ya SNCC kwa safari ndefu hadi Samba ao Kindu, kisha gari ao pikipiki hadi Kasongo. Basi chunguza: kizibo kimesukumwa juu? Shingo inanata, kama divai ilivuja? Divai nyeupe imegeuka rangi ya chai? Chupa ilikuwa imesimama kwenye jua la dirisha? Jibu moja la "ndiyo" linatosha kuiacha. Angalia pia kama kifuniko kimefunguliwa na kufungwa tena, na karatasi imebandikwa sawa. Vinywaji vya kughushi viko sokoni, na pombe isiyojulikana imetoka wapi inaweza kuharibu macho na hata kuua.

Majina ya kutafuta

Kama ni kukumbuka jina moja tu, kumbukeni Chenin Blanc. Ni zabibu nyeupe iliyotoka bonde la Loire huko Ufaransa, lakini leo Afrika Kusini ndiyo inailima kwa wingi, na ndiyo zabibu inayoongoza katika mashamba yao. Inazaa sana, kwa hiyo bei yake inabaki chini. Iko na uchachu mzuri na harufu ya tofaa na nanasi. Kwa sababu Lubumbashi iko kwenye barabara ya Afrika Kusini, hii ndiyo rahisi kupata.

Zabibu hiyo hiyo inalimwa Dodoma, Tanzania, ambako mizabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka juu ya hali ya hewa yao. Ndugu walioko Kalemie ao Uvira, ng'ambo ya ziwa kuna divai nyeupe ya Dodoma. Mkiipata katika hali nzuri, msiidharau kwa sababu imetoka kwa jirani.

Riesling ya Ujerumani ndiyo wataalamu wengi wanaitaja kwanza kwa chakula cha Kichina: uchachu mkali, utamu kidogo, na pombe ambayo mara nyingine haifiki asilimia 10. Ikiwa imeandikwa Kabinett, mara nyingi ni nyepesi. Lakini huku kwetu bei yake inapanda, kwa hiyo nunua paka ukiikuta katika punguzo la kweli.

Vinho Verde ya Ureno ni nyepesi, chachu, na mara nyingi ina mapovu madogo yanayochoma ulimi kidogo. Ndiyo iliyo karibu sana na malafu.

Kuna pia roze. Kama kamati inagombana, nusu wanataka nyeupe na nusu nyekundu, roze inamaliza kesi. Haina tanini nyingi, inakwenda na kamba, na nyama, na tambi. Na rangi yake inapendeza kwenye picha, jambo ambalo wahitimu hawalisahau.

Divai ya mapovu haiko lazima iwe Champagne. Chupa yoyote ya mapovu kutoka Uhispania, Italia ao Afrika Kusini inafaa, na bei ni ndogo kabisa ukilinganisha. Chupa mbili za kugonganisha glasi wakati wa hotuba zinatosha.

Je, wapenzi wa nyekundu? Wapo, tusiwafukuze. Tafuteni nyekundu nyepesi: Gamay, ambayo ndiyo ya Beaujolais, ao Cinsault ya Afrika Kusini. Iwekwe kwenye baridi dakika 20 kabla ya kunywa. Inakwenda na bata wa kuokwa na nyama ya ng'ombe. Zile nyekundu tamu za Afrika Kusini zinazopendwa sana mjini zinavumilia sosi tamu, lakini ziwe baridi, la sivyo zinachosha mdomo baada ya glasi moja.

Msisahau bia. Simba ya Lubumbashi ao Primus, baridi, na wali wa kukaanga, ni ndoa ya siku nyingi: uchungu mdogo, mapovu, pombe ndogo. Kama katika mji wenu divai zote zimepikwa na jua, nunueni bia bila haya. Ila msilete lutuku mezani. Nguvu yake juu ya pilipili ni moto juu ya moto, na hakuna anayejua kipimo chake.

Mahesabu ya kamati

Tuchukue mfano wa watu 40, nusu wanakunywa pombe. Watu 20, kila mmoja glasi mbili za mililita 125, ni lita 5. Chupa moja ni mililita 750, kwa hiyo chupa 7 zinatosha, na moja ya akiba, jumla 8. Gawanyeni hivi: 4 nyeupe, 2 roze, 1 nyekundu nyepesi, 1 ya mapovu.

Tuseme chupa moja ni dola 7. Jumla ni dola 56. Zile nyekundu za karatasi ya dhahabu, tuseme kwa dola 20, zingekuwa dola 160. Tofauti ni dola 104. Bei hizi ni za mfano, kila mji uweke za kwake, lakini pengo litakuwepo. Hiyo tofauti inanunua vinywaji vizuri vya wasiokunywa, inanunua barafu, na pengine inamlipia nauli mwenzetu anayetoka mbali ambaye angekosa.

Divai ya katoni nayo ni chaguo la heshima. Katoni ya lita 5 ni karibu chupa 7, na kwa kawaida bei ya lita inashuka. Ndani kuna mfuko unaojikunja divai inapotoka, hewa haiingii, kwa hiyo ikibaki inaweza kukaa wiki kadhaa mahali pa baridi. Chupa iliyofunguliwa inakaa siku chache tu. Kama watu wanaona haya ya katoni, mimina katika jagi la kioo. Hakuna atakayeuliza.

Kabla ya kubeba chupa kwenda restora, ulizeni kama wanaruhusu, na wanatoza kiasi gani kwa kila chupa inayofunguliwa. Ile pesa ya kizibo inaweza kula faida yote mliyoipata dukani. Mkubaliane bei kabla, kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha.

Baridi bila frigo

Divai ya bei chini ikiwa ya moto, makosa yake yote yanasikika. Ikiwa baridi, inatulia. Nyeupe na roze zinapenda nyuzi 8 hadi 10, ya mapovu chini ya hapo kidogo, nyekundu nyepesi nyuzi 14 hivi.

Umeme ukikatika, na tunajua unakatika, chukueni ndoo, wekeni barafu, ongezeni maji mpaka shingo ya chupa, tieni na chumvi kiganja kimoja. Dakika 20 hadi 30 divai iko tayari. Maji ni lazima: barafu peke yake inaacha nafasi za hewa, na hewa haichukui joto haraka. Kijijini pasipo barafu, funga chupa na kitambaa kilicholowa, iweke kivulini penye upepo, na ulowanishe tena kikikauka. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Haifiki baridi ya frigo, lakini inasaidia, na mama zetu wametumia akili hiyo hiyo kwa mtungi wa maji.

Wasiokunywa ni wenye meza pia

Nimeacha hili mwisho ili likae kichwani. Nyangwe na Kasongo ni kati ya sehemu ambazo Uislamu una mizizi ya zamani zaidi katika nchi yetu. Katika chama chetu Waislamu ni wengi, wako pia wakristo ambao makanisa yao yanakataza pombe, wako dada wenye mimba, wako wanaoendesha pikipiki kurudi nyumbani. Tukipanga divai vizuri na wao tukawapa sukre ya moto, tumefanya nusu ya sherehe.

Kanuni ni zile zile: uchachu, utamu kidogo, baridi. Bissap, yaani maji ya maua ya rozela, iko na uchachu mzuri na rangi ya divai. Chemsha gramu 40 hivi za maua makavu kwa lita moja, chuja, tia sukari kidogo kuliko mnavyozoea, juu ya chakula chenyewe kina sukari. Tangawisi na ndimu inafaa kwa vitu vya kukaanga, ila ipunguzwe ukali pale chakula kiko na pilipili. Na chai: Wachina wenyewe kwenye meza wanakunywa chai. Chai ya kijani ao ya yasmini, iloweshwe dakika 3 tu, bila kuchemka sana, inywewe moto ao baridi na ndimu. Kwa watu 40, tayarisheni lita 20 za vinywaji hivi, kwa kuwa wanaokunywa divai nao watavitaka.

Viwekwe kwenye meza ile ile, katika glasi zile zile. Wakati wa kugonganisha glasi, kila mkono uwe na kitu kizuri ndani. Na wa kwanza kuhudumiwa wawe wazee wetu.

Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi hazilijui. Wachina wanapika na divai ya mchele, ile ya Shaoxing ndiyo maarufu zaidi, na inaingia katika sosi na nyama bila kuonekana. Nguruwe naye anaweza kuwa ndani ya tambi, ndani ya wali wa kukaanga, ao katika mafuta ya kukaangia. Kwa hiyo kwa ndugu Mwislamu shida inaweza kuwa katika sahani kabla ya kufika kwenye glasi. Siku ya kuweka oda, zungumzeni na mpishi: apike sahani kadhaa bila divai na bila nguruwe, katika sufuria yake, na kijiko chake, na ziwekwe upande wake zikiwa na jina. Pale nilipokuwa nahudumia, mteja aliyeuliza mapema alijibiwa vizuri. Aliyeuliza wakati bufe imeshawekwa alipewa jibu la haraka tu.

Jaribio kabla ya kununua

Msiniamini kwa maneno. Wiki mbili kabla ya sherehe, watu watatu wa kamati wachange chupa moja nyeupe ya demi-sec na chupa moja nyekundu ya bei chini. Pikeni wali wa kukaanga na mayai, soya, vitunguu na pilipili kidogo. Kula kijiko, kunywa nyeupe. Kula kijiko, kunywa nyekundu. Kisha kula kijiko, kunywa bissap. Mwite na mmoja asiyekunywa pombe, aonje bissap na tangawisi, na sauti yake iwe sawa na ya wengine. Andikeni kinywaji gani kilifanya mtu atake kijiko kingine. Hicho ndicho mnunue, na bei yake mtaieleza mbele ya wanachama bila kuinamisha kichwa.

Mtu aliyetoa mchango wake katika hali ngumu anastahili kuona umefanya kazi. Atauona siku akiinua glasi yake, iwe ya Chenin ao ya bissap, na aliye kando yake naye ainue ya kwake.

Mwana wa Nyangwe, Lubumbashi